Dada yangu aliwachukua wanangu shuleni bila kuniambia, kisa mimi ni mwanaume

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko kijiweni.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma, nacheka, napita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na nimeshindwa kulimeza. Majina nimebadilisha. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa, na anayenifahamu akisoma atajua sijaongeza kitu.

Mkiona naandika kwa hasira mnivumilie. Bado ninayo.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Kasingirima, huku Ujiji. Nina duka dogo mwaloni Katonga, pale boti za uvuvi zinapotia nanga. Nauza vifaa vya uvuvi: nyavu, kamba, maboya, taa za sola za kuvulia dagaa na betri zake. Mke wangu, Halima, ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipata nafasi ya kwenda kusoma digrii Dodoma. Tukakaa, tukajadiliana, tukakubaliana aende na watoto wabaki na mimi. Duka liko hapa, nyumba iko hapa, na hosteli ya chuo haipokei watoto. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Watoto wetu ni wawili.

Mkubwa ni Nasra, yuko darasa la awali na mwakani anaanza la kwanza. Huyu mdomo wake ni redio, hauzimwi. Mdogo ni Yusufu, yuko baby class katika shule hiyo hiyo, hajafikisha miaka minne.

Yusufu ana selimundu. Kwa wasioijua, ni ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia, na mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa ambayo wewe mtu mzima ungelia. Baridi inamwangusha. Kukaa bila maji kunamwangusha. Kwa hiyo ana dawa yake ya kila siku, ana chupa yake ya maji haimtoki shingoni, na anavaa sweta hata siku ambayo wewe unajipepea na kipande cha boksi.

Maisha yetu ni ya kawaida sana. Asubuhi nakoroga uji, nawavalisha, nampa Yusufu dawa, tunapanda pikipiki. Nawashusha shuleni, nakwenda kufungua duka. Mchana nawafuata, wanakuja kushinda na mimi dukani, usingizi ukiwapitia wanalala juu ya marobota ya nyavu.

Nasra hali dagaa mwenye kichwa. Anasema anamwangalia. Kwa hiyo kila jioni utanikuta barazani na ungo nanyofoa vichwa vya dagaa, kimoja kimoja.

Yusufu yeye halali mpaka asimuliwe hadithi, na hataki ya sungura wala fisi. Anataka nimweleze injini ya boti inavyowaka. Nikiruka hatua ananirudisha mwanzo.

Sisemi haya ili mnipongeze. Pongezi zenyewe ndizo zilizoanza kunikera.

Nikipita sokoni nimembeba Yusufu mgongoni kwa khanga, akina mama wanasimama kabisa. "Jamani baba huyu, Mungu ambariki." Halima alimbeba mtoto huyo huyo, kwa khanga hiyo hiyo, na ndoo ya maji kichwani. Sikuona mtu akisimama.

Wanaume wenzangu nao wana yao. Pale kijiweni wameniita Mama Nasra mpaka jina limezoeleka. Mwingine aliniuliza mbele ya watu mke wangu alinilisha nini kabla hajaondoka. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ukinuna ndiyo umewapa utamu.

Shuleni sasa.

Group la WhatsApp la wazazi linaitwa Mama Zetu Baby Class. Niliomba niongezwe. Admin akanijibu kwa adabu kwamba humo kuna mazungumzo ya akina mama, hivyo matangazo atakuwa anamtumia Halima. Yaani tangazo kwamba kesho watoto waende na kikombe linatoka Ujiji, linakwenda Dodoma, halafu Halima akipata nafasi ndiyo linarudi Ujiji kwangu. Na mimi kutoka nyumbani hadi shule ni kutembea tu.

Siku moja Yusufu alijichafua darasani. Wakampigia mama yake. Halima akatoka kwenye kipindi, Dodoma huko, kunipigia mimi niliyeko Katonga ili niende nikamwoshe mtoto.

Nilikwenda shuleni nikamwomba mwalimu mkuu, Madam Suzana, waandike namba yangu mbele. Akasema sawa, hakuna shida.

Yote hayo niliyachukulia kama kero. Kero huwa zinazoeleka. Sikujua kwamba watu wakishazoea kukuona haupo, siku moja watafanya jambo kubwa kama vile kweli haupo.

Nina dada yangu mkubwa, Dada Mwamini. Ameolewa Mwamgongo, kile kijiji cha wavuvi ukishapita Gombe. Huko hakuna gari, ni boti tu. Mama yetu alifariki mimi nikiwa mdogo kiasi kwamba sura yake siikumbuki. Aliyenilea ni Dada Mwamini. Aliacha shule akanilea. Nalisema hili mapema ili mjue nazungumzia mtu wa aina gani kwangu. Mpaka leo na ndevu zangu nikimwona namwamkia shikamoo na macho nayashusha chini.

Tangu Halima aondoke, dada hakupumzika. Kila simu ni hilo. Mara mwanamke akishasoma harudi. Mara Nasra anakua, anahitaji mwanamke wa kumfundisha. Mara Yusufu anaugua kwa sababu hana wa kumdekeza. Nilikuwa namjibu taratibu kwamba watoto wako salama na masomo yana mwisho. Anakata simu, baada ya siku kadhaa anaanza upya.

Ikafika Ijumaa moja ya masika.

Asubuhi niliwapeleka shule kama kawaida. Mchana mvua ikapiga nzito, ile ya kufunga milima yote usione ng'ambo. Ilipopungua nikafunga duka nikawafuata.

Nikakuta darasa la baby class tupu, dada wa usafi anapiga deki. Nikaenda ofisini. Madam Suzana akanipokea na tabasamu.

"Baba Nasra, mbona umekuja tena? Shangazi yao ameshawachukua tangu saa nne."

Nikamuuliza shangazi gani.

"Dada yako, wa Mwamgongo. Amesema mmekubaliana wakakae naye mpaka mama yao arudi. Mama mwenye heshima zake, na Nasra mwenyewe alimkimbilia."

Wakuu, mimi sikuwa nimekubaliana na mtu. Nikamuuliza kwa nini hawakunipigia.

"Tulimpigia mama yao, hakupatikana. Tukaona kwa kuwa ni mwanamke wa familia..."

"Madam, mimi niko Katonga. Mmepiga Dodoma, mmekosa, mkaona yatosha?"

Akaniambia nisikasirike, nia ilikuwa njema, na kwamba akina baba huwa wana shughuli nyingi, hawapendi kusumbuliwa.

Halima hakupatikana kwa sababu alikuwa ndani ya chumba cha mtihani. Simu imezimwa, kama inavyotakiwa.

Nikampigia dada. Haipatikani. Kule ziwani usawa wa Gombe mtandao unakatika, hilo nilijua. Nikaendesha pikipiki mpaka Kibirizi, ambako boti za abiria za kaskazini zinaondokea. Wakaniambia ndiyo, kuna boti iliyotoka mapema, na mama mmoja mwenye watoto wawili alikuwemo.

Ilitoka kabla ya mvua. Maana yake mvua ile yote iliwakuta katikati ya ziwa.

Nikarudi nyumbani mbio. Kwenye kabati, dawa ya Yusufu iko pale pale. Sweta lile zito lipo, limening'inia mlangoni. Dada hakupita nyumbani kabisa. Aliwatoa shuleni na sare zao akawapandisha boti.

Hapo hasira ikaniondoka kwa muda, nikabaki na woga mtupu.

Nashukuru kazi yangu. Nina mteja wangu mmoja, tumwite Baba Sele, ana boti ya dagaa na alikuwa anajiandaa kwenda kuvua upande wa kaskazini alasiri ile. Nikamfuata mwaloni, nikamweleza. Hakuniuliza mama yao yuko wapi. Aliniuliza kama dawa ninayo mkononi. Nikamwonyesha mfuko. Akasema panda.

Misitu ya Gombe ilipita upande wa kulia, maji yametulia baada ya mvua, mazuri kabisa, na mimi yananiudhi. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia dada. Nilipanga makali sana. Kila nikiyapanga namwona alivyokuwa ananipulizia uji upoe.

Tulifika Mwamgongo jua linaelekea kuzama. Nasra ndiye aliyeniona wa kwanza, akaja mbio ufukoni, na kabla hajasalimia akaanza kuripoti.

"Baba, nilimwambia shangazi dawa ya Yusufu iko kabatini. Akasema hizo dawa ndizo zinamfanya awe mgonjwa. Na Yusufu ameoga ziwani."

Nikauliza ameoga ziwani saa ngapi.

"Sasa hivi. Na watoto wengine. Alicheka sana."

Nikamkuta Yusufu amekaa kwenye mkeka, amefungwa khanga moja nyepesi, nywele bado zina maji. Amefurahi kuniona. Nikamfuta, nikamvalisha sweta, nikampa dawa na maji ya kunywa mengi. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikamuuliza kama kuna mahali panauma, akasema hapana, akaniomba nimwambie habari za injini ya boti niliyokuja nayo.

Dada Mwamini alikuwa jikoni. Nikamwamkia. Akaitikia kama vile nimekuja kutembea tu. Akatenga chakula, ugali wa muhogo na samaki aina ya kuhe wa kupikwa kwa mawese, kile ninachokipenda tangu utoto. Baada ya kula nikagundua kwamba kilikuwa kikao. Shemeji alikuwepo, na baba yetu mdogo alikuwa ameitwa. Dada alishajua nitafika, siku ile au ya pili yake.

Baba mdogo akafungua. Maneno yalikuwa mengi lakini kiini chake ni kwamba mwanaume hawezi kulea watoto wadogo, haijawahi kuwa, na kwamba nimpigie simu mke wangu nimpe machaguo mawili. Arudi, au watoto wabaki Mwamgongo kwa dada. Shemeji alikuwa anaangalia chini muda wote. Nadhani hakukubaliana, ila ndani ya nyumba ile dada ndiye msemaji.

Nikauliza kosa langu ni lipi. Wamelala njaa? Wamekosa shule? Nimewapiga?

Baba mdogo akasema si suala la kosa.

Ndipo dada akazungumza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Rama, mimi nimekulea wewe bila mama. Najua ilivyo. Ulikuwa unalia unamtafuta mtu ambaye hata humjui. Siwezi kukaa nikaona wanao nao wanalelewa bila mama."

Wakuu, nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali, yakayeyuka. Nikabaki na moja tu.

"Dada, na wewe hukuwa mama yangu. Ulikuwa msichana wa shule. Watu hawakukwambia huwezi?"

Akaivuta khanga yake mabegani.

Nikaendelea, nikasema walimwambia, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Walitaka nipelekwe kwa ndugu wengine, akakataa. Nikamwambia kilichonilea mimi ni kwamba alijua lini nina njaa na lini nadanganya naumwa. Vitu hivyo hivyo mimi navijua kwa Yusufu na Nasra. Na mama yao yupo hai, anawapigia kila jioni, hawajamkosa.

Dada akainuka akaanza kukusanya vyombo. Baba mdogo akasema tutaendelea kesho. Nikawaambia kesho mimi napanda boti na wanangu, hakuna cha kuendelea. Ni mara ya kwanza maishani nimewajibu wakubwa wangu hivyo, na nilijibu kwa heshima zote, lakini nilisema.

Alfajiri Yusufu akaamka analia.

Mwanzo ulikuwa mguu mmoja. Halafu yote miwili, halafu mgongo. Kilio chake kikianza huwa si cha kudeka, ni cha mtu mzima, cha chini chini, anashika shuka. Nasra aliamka akakaa pembeni yake bila kusema neno, na huyo ni Nasra.

Dada alikuja mbio. Akataka kumkanda kwa maji ya moto, akataka kumpaka mawese, akasema ni uchovu wa safari. Nilimpa mtoto dawa ya maumivu niliyobeba, nikamnywesha maji, nikamfunga kila nguo iliyokuwepo mle ndani. Nikasema tunaondoka na boti ya kwanza.

Dada akavaa viatu. Sikumwomba. Alipanda tu nyuma yetu.

Boti ya asubuhi inajaa akina mama wanaopeleka dagaa mjini. Mwakeye, mwakeye, wanasalimiana kwa Kiha, wanacheka. Walipomwona Yusufu wakatupa nafasi katikati ambako upepo haufiki, mmoja akavua kitenge chake akatuongezea. Yusufu nilimpakata njia nzima. Kila boti ikidunda alikuwa anauma kola ya shati langu. Dada alikaa mbele yetu amemshika Nasra, anamtazama Yusufu, midomo inasoma dua.

Hakunitazama mimi hata mara moja.

Tulifika Kibirizi, tukachukua bajaji mpaka hospitali. Nisiitaje ni ipi, na sina ugomvi nao, walifanya kazi yao vizuri na kwa haraka. Ila sikilizeni hiki.

Tumeingia, mimi ndiye nimembeba mtoto. Muuguzi akapita kwangu akamwendea dada.

"Mama, mtoto ameanza lini kuumwa?"

Dada akasema tangu alfajiri.

"Ana tatizo gani la kudumu?"

Mimi nikajibu ana selimundu. Muuguzi akaandika, akageuka tena kwa dada.

"Mama, anatumia dawa gani?"

Nikajibu mimi. Akaandika, akageuka kwa dada.

"Mara ya mwisho kuongezewa damu ilikuwa lini, mama?"

Nilikuwa nimechoka, wakuu. Nilikuwa nimempakata mtoto anayetetemeka, nimezungumza mara mbili, na bado nilikuwa kama kiti alichokalia mtoto.

Dada Mwamini ndiye aliyejibu.

"Muulize baba yake. Mimi nilimchukua kwa baba yake bila kumuuliza, ndiyo maana tuko hapa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Halafu akarudi nyuma hatua chache, akasimama ukutani na Nasra, kiasi kwamba aliyebaki mbele ya muuguzi ni mimi peke yangu.

Muuguzi akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Akasema samahani baba. Akaniuliza yote yaliyobaki, nikamjibu yote.

Yusufu akalazwa. Damu ilikuwa imeshuka, akatundikiwa dripu, baadaye akaongezewa damu.

Wodi ya watoto usiku wanalala akina mama tu. Hilo naelewa, wanawake wengi wananyonyesha mle. Kwa hiyo aliyelala na Yusufu ni dada. Nilimweleza pale mlangoni mambo yote: maji anywe namna gani, akishika tumbo maana yake nini, akisema "sina kitu" maana yake kinauma ila anaogopa sindano. Dada alinisikiliza huku anarudia kwa midomo, kama mwanafunzi. Asubuhi nilipofika akaniambia mtoto alisema hana kitu, naye akamwita daktari.

Niliondoka pale mlangoni nikaenda kulia chooni. Mtanicheka, lakini ndiyo hivyo.

Halima alipofungua simu baada ya mtihani wa Ijumaa alikuta ujumbe wangu, na Jumamosi nikampigia kutoka hospitali. Nilimwambia asije, hali imedhibitiwa. Hakusikia. Alipanda basi siku ile ile, akafika amevimba miguu, akakaa na mwanaye mpaka aliporuhusiwa. Karatasi moja ya mtihani ikampita na itabidi airudie. Wale wote waliokuwa wanasema mwanamke akisoma harudi, hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza hiyo karatasi imeishia wapi.

Alitaka kuacha chuo. Alishapanga kabisa, ananiambia usiku hajalala. Nikamwambia hapana. Tulibishana siku mbili, ugomvi wa kweli kweli, mpaka Nasra akatuuliza kama tunaachana. Mwisho Halima akarudi Dodoma. Aliondoka analia, na mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima isipokuwa yeye.

Shule nayo.

Nilikwenda kwenye kikao cha wazazi. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasimulia. Sikumtukana mtu. Nikaomba jambo moja, kwamba mtoto asitoke getini mpaka aliyemleta asubuhi apigiwe simu na apokee. Awe baba, awe bibi, awe dada wa kazi, yule aliyemleta.

Akina baba wachache waliokuwepo waliangalia viatu vyao. Madam Suzana akaanza kueleza tena habari ya nia njema. Ndipo mama mmoja nyuma akasimama, akasema yeye wakwe zake walimchukulia mtoto hapo hapo shuleni namna hiyo hiyo, kisa yule aliyekuja alisema yeye ni bibi wa upande wa baba, na yeye kama mama alinyamaza kwa aibu. Baada ya huyo wakasimama wengine. Utaratibu ukapita.

Group la WhatsApp bado linaitwa Mama Zetu. Ila niko ndani. Tangazo la kwanza nililolipokea mwenyewe lilihusu chawa.

Na Dada Mwamini?

Msidhani tumekumbatiana yakaisha. Hajaniomba msamaha kwa neno hilo, na sidhani kama ataniomba, hakulelewa hivyo na mimi pia sijamdai. Bado anaamini Halima angekuwa nyumbani. Bado mimi nikikumbuka khanga ile nyepesi na nywele zenye maji, nasikia moto kifuani. Nampenda na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, na nimegundua vinaweza kukaa nyumba moja.

Lakini alikuja kututembelea wiki iliyopita. Alipiga simu kwanza, akaniuliza kama anaweza kuja. Zamani alikuwa anatokea tu mlangoni.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Wanaotudharau akina baba tunaolea, wengi wao hawana roho mbaya. Wanatupenda, wanawapenda watoto wetu, wana nia njema tele. Na ndiyo maana ni hatari, kwa sababu mtu mwenye roho mbaya utamfungia mlango, mwenye nia njema unamtengea kiti. Mimi nilicheka na kijiwe, nikakubali matangazo yapitie Dodoma, kila mara nikisema ni dogo, liende. Hayo madogo ndiyo yaliyomfundisha Madam Suzana kwamba akishampigia mama amemaliza.

Akina baba wenzangu mnaolea, iwe mke yuko masomoni, kahamishwa kikazi, ametangulia mbele za haki au mliachana, nenda shuleni kwa mwanao kesho uulize wakipata dharura wanampigia nani wa kwanza. Uliza na kliniki. Wakikujibu kwa tabasamu, uliza tena.

Walimu na wauguzi mliomo humu, naomba na ninyi mseme, mnatuonaje sisi? Na akina mama, kama nimekosea mahali, nirekebisheni bila kuniita jina la kijiweni.

Uwanja ni wenu. Naomba tu anayekuja kuniambia nimpe mke wangu talaka apite pembeni, hilo swali hatulijadili nyumbani kwangu na hapa pia silijibu.